Goti la Korongo

Ukitaka kumuudhi Mama Cheche, simama mbele ya geti alilolitengeneza yeye useme geti ni geti tu. Atakutazama kuanzia kichwani hadi kwenye ndala, atafuta mikono kwenye aproni yake ya ngozi iliyojaa vitundu vya moto, halafu atakuuliza kwa upole kama na nyumba nayo ni nyumba tu, na mume naye ni mume tu. Upole huo ndio wa kuogopa. Wengi wakifikia hapo hukumbuka ghafla kwamba wana safari.

Jina hilo alipewa mwaka ule mumewe alipofariki. Marehemu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mwenye karakana ya mabati kando ya barabara ya lami, na ndugu walikaa kikao cha kuamua nani atachukua mashine. Kikao kikiendelea sebuleni, mjane alikuwa karakanani anamalizia madirisha ya mteja aliyekwisha subiri vya kutosha. Kazi alijifunza kwa miaka yote ile ya kumshikia mumewe vyuma, ila hakuna aliyewahi kumuuliza kama anaiweza. Ndugu waliposikia mashine inanguruma wakatoka kwenda kuona, wakamkuta amechuchumaa na nguo zake nyeusi za msiba, kinga usoni, cheche zinamrukia hadi mabegani. Kikao kikaishia hapo hapo. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, ambaye ndiye aliyekuwa amejiandaa kurithi, akabaki kuwa mpaka rangi, na kusema kweli ni mpaka rangi hodari kuliko fundi ambaye angekuwa.

Mama Cheche akaanza na madirisha, akaja milango, kisha magetini akapata riziki yake. Upande ule wa mji mtu akifanikiwa kitu cha kwanza kujenga ni geti. Nyumba itafuata, au haitafuata. Kipo kiwanja hadi leo chenye geti la pande mbili, juu lina mikuki iliyopakwa rangi ya dhahabu, na nyuma yake ni mahindi matupu. Mwenyewe huja kila Jumamosi na jembe lake, akafungua, akapalilia, akafunga tena kwa heshima zote. Ukipita pale usicheke, kwa sababu mtu huyo anakuonyesha alikofika, na aliyempa cha kukuonyesha ni Mama Cheche.

Sifa yake kubwa zaidi ilikuwa komeo. Komeo lake lina ndimi tatu, na zikizama kwenye chuma hutoa mlio mmoja mzito ambao jirani wa nyumba ya tatu anausikia. Wateja walisema mlio ule peke yake unatosha kulaza mtu usingizi. Alipokuwa anakabidhi geti hakusema mengi. Alikuwa analifunga mara moja tu, wote wanasikia, kisha anaondoka akiwa amenyoosha shingo.

Lakini kulikuwa na mtu mmoja ambaye mlio ule haukumpendeza hata kidogo, naye alikuwa mama yake mzazi.

Kabla ya kuwa na mageti, mahali pale palikuwa kinamasi. Mama yake Mama Cheche alikuwa mkata matete, akisuka mikeka na kuta za uani, na binti yake tangu anajua kutembea alikuwa nyuma yake akibeba mafungu. Bibi huyo alikuwa na sheria zake. Matete alikuwa anayakata kinyumenyume ili asikanyage yanayochipua, na akikuta kiota cha korongo aliacha hatua ishirini kila upande bila kugusa unyasi. Korongo wenyewe walikuwa wanatembea wawili wawili, warefu, taji la manyoya ya dhahabu kichwani, wakiinua miguu yao kama watu waliovaa viatu vipya njia ya tope. Binti aliwajua kabla hajajua kusoma.

Kisha malori yakaanza kumwaga kifusi. Sehemu ya kwanza kujazwa ilikuwa ile ile ya matete ya mama yake, na nyumba ya kwanza kusimama juu ya kifusi ilikuwa ya mfanyabiashara mmoja mwenye mke mpole na binti wa miaka saba. Wakaagiza geti kwa Mama Cheche, geti lake kubwa la kwanza. Siku hizo watu walipenda simba. Yeye akawashauri korongo, wawili wanaotazamana, kila mmoja upande wake, nondo nyembamba zilizokunjwa na kuchomelewa juu ya bamba. Lilipokamilika alijivunia hata akamleta mama yake alione.

Mama yake alisimama mbele ya geti lile muda mrefu. Mwisho akaweka kidole kwenye mguu wa ndege wa kulia.

"Goti hili ni la mtu," akasema. "Goti la korongo linakunjika kwa nyuma."

Kisha akalisukuma komeo, likalia mlio wake, akasema, "Na umewafungia nje ya kwao."

Akageuka akaenda zake. Tangu siku hiyo, miaka kumi na tisa, hakurudi upande ule wa mji wala hakukanyaga karakanani. Si kwamba walikosana. Waliishi nyumba moja, wakala meza moja, wakabishana kuhusu chumvi, wajukuu na madaktari. Ila habari za mageti hazikuingia mdomoni mwa mama, na Mama Cheche, ambaye mtaa mzima ulimwogopa, hakuwa na ujasiri wa kuzianzisha. Alijua mama yake alikuwa sahihi kuhusu goti. Kuhusu lile la pili hakutaka kujua.

Goti lenyewe alishindwa hata kulirekebisha. Kila mteja mpya alitaka korongo kama wa yule wa kwanza, na alipojaribu mara moja kulikunja sawasawa, mteja alikataa kupokea geti akidai ndege wake ni kilema. Kwa hiyo mageti thelathini na nne yakasimama mjini, yote yana korongo wenye magoti ya binadamu. Wale wa kweli walikuwa wameshaondoka zamani, hakuna wa kubisha.

Asubuhi moja akaingia karakanani msichana mwenye nywele fupi na mkoba mkubwa wa kubebea karatasi. Akaamkia kwa adabu, akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa bila kuambiwa, akasema yeye ni msanii na amekulia nyuma ya geti la korongo. Ndiye yule binti wa miaka saba. Akasimulia kwamba utotoni alidhani korongo ni ndege wa kubuni, pambo tu, kama joka. Alipofika chuo akaona picha yake kitabuni, akamwambia mwalimu kuwa picha ina kasoro maana goti limegeuzwa. Darasa zima lilimcheka. Mama Cheche alicheka pia, kisha akaacha kucheka.

Msanii akaeleza lililomleta. Yeye na wenzake walikuwa wanaandaa maonyesho katika ghala la zamani karibu na stesheni, kazi kuhusu kile mji ulichopata na kile ulichokitoa ili ukipate. Mwenzake mmoja alikuwa anajenga mnara wa mifuko mitupu ya saruji. Mwingine alikuwa amejaza maji ya visima vilivyokauka kwenye chupa, yaani chupa zilikuwa tupu, na kila moja ina jina la kisima chake. Yeye alitaka geti, kwa sababu hakuna kitu kinachotangaza maendeleo ya upande ule kama geti, na hakuna mahali pengine korongo walipobaki.

Mama Cheche alisikiliza huku anapanga vijiti vyake vya kuchomelea.

"Kwa hiyo unataka kusema mimi ndiye niliyewamaliza," akasema. "Mageti hayo yamenisomeshea watoto watatu. Uliza hapa mtaani."

"Sijasema hivyo, mama. Mimi mwenyewe nimesomeshwa na nyumba iliyo juu ya kinamasi. Nasema wengine wote tulisahau kama walikuwepo. Wewe hukusahau."

Hilo lilimkalia vizuri, tusifichane. Akanyoosha mkono, akaomba mchoro.

Mchoro ulikuwa karatasi moja pana. Upande wa kulia palikuwa na korongo amechorwa kwa kalamu nyeusi, amesimama, goti limekunjika kwa nyuma kama inavyotakiwa. Upande wa kushoto wa karatasi hapakuwa na kitu. Msanii alisema vipimo ni vya geti la kawaida la pande mbili na mengine yote fundi aweke anavyojua. Mama Cheche akakunja karatasi, akaitia mfukoni, akamwambia arudi baada ya wiki tatu.

Sasa hapa yafaa msomaji aelewe jinsi mafundi wa mageti wanavyofanya kazi, maana ndipo mambo yalipoharibikia. Mteja hachori pande zote mbili. Anachora upande mmoja, na fundi anajua mwenyewe. Anauchora kwa chaki sakafuni, anakunja nondo zake juu ya chaki, kisha anaigeuza ile sampuli na kutengeneza wa pili unaotazamana na wa kwanza. Geti lenye pambo upande mmoja ni geti ambalo fundi alikimbia kazi. Kwa miaka yote ile Mama Cheche hakuwahi kuletewa mchoro mzima, na huu hakuuona kuwa tofauti.

Kwa hiyo alifanya kazi, na hajawahi kufanya kazi kama ile. Lile goti lilimchukua siku mbili peke yake. Alikuwa anakunja nondo, anakunjua, anafumba macho akimkumbuka korongo anavyoinua mguu kwenye maji, anakunja tena. Taji alilitengeneza kwa waya thelathini, mmoja mmoja. Shemeji alipaka rangi ya kijani iliyokolea kwenye bamba na dhahabu kidogo kwenye taji, akasogea nyuma, akasema geti hili ni dhambi kumpa mtu aliweke ndani ya ghala. Korongo wawili walitazamana, kila mmoja upande wake, na magoti yote yalikuwa sawa.

Msanii alikuja zikiwa zimebaki siku mbili maonyesho kufunguliwa. Alipoona geti akatabasamu, kisha tabasamu likapungua polepole.

"Wako wawili," akasema.

"Ee, wawili. Ulitaka wangapi?"

"Mmoja, mama. Ule mchoro ndio ulikuwa wote. Huku kushoto nilipaacha wazi makusudi, kwa kuwa mwenzake hayupo."

Shemeji akaanza kusema kitu kuhusu wateja wasiojieleza, Mama Cheche akamkata kwa jicho. Aibu ilikuwa imempanda hadi masikioni. Alikuwa amefanya kazi yake kwa mazoea, na mazoea yalikuwa yamemfanya asione kitu kilichochorwa mbele ya macho yake. Msanii, kwa wema wake, akasema basi, ni geti zuri mno, liende hivyo hivyo, yeye atabadilisha maelezo.

Mama Cheche akakataa. Alisema fundi akikosea anayerekebisha ni fundi, si mteja kupunguza alichokitaka. Shemeji tayari alikuwa amechukua grenda. Ingekuwa kazi ya saa mbili: kukata nondo za ndege wa kushoto, kusawazisha bamba, kupiga rangi upya, na hakuna ambaye angejua.

"Weka hiyo chini," Mama Cheche akamwambia. "Ukisawazisha itaonekana kama hakuwahi kuwepo. Mimi niliwaona."

Akavuta mtungi wa gesi. Akawasha moto wa kukatia, akaupunguza hadi ukawa mwembamba, akaanza kulikata lile bamba kuzunguka umbo la korongo. Hakugusa ndege. Alifuata mgongo, shingo, mguu, goti, akaja kwenye taji, na pale kila waya ilibidi uzungukwe peke yake, mkono usitetemeke. Msanii alikaa juu ya ndoo yake akitazama. Jua likahama kutoka mlango hadi ukuta wa nyuma. Mwisho korongo akadondoka kwa nyuma juu ya mchanga, mzima, na kwenye geti pakabaki tundu lenye shingo, taji na goti lake, na kupitia tundu hilo ukaona barabara, malori na kuta za nyumba za watu. Msanii alilia waziwazi. Mama Cheche hakulia, ila alijua ameshafanya kitu ambacho hakuna fundi aliyewahi kukifanya, na akajivuna kimya kimya.

Geti likapakiwa kwenye gari. Korongo aliyekatwa akabaki, naye Mama Cheche akamfunga kwenye gunia akaenda naye nyumbani. Hata yeye hakujua kwa nini.

Mama yake alikuwa mezani anachambua mchele. Mama Cheche akaweka gunia mbele yake, akalifungua, akaenda jikoni kunawa mikono ambayo tayari ilikuwa safi. Aliporudi akamkuta mama ameusogeza mchele pembeni. Kidole chake kilikuwa kinashuka shingoni mwa ndege, kikapita tumboni, kikafika kwenye mguu. Kwenye goti kikasimama. Kikakaa pale. Mama Cheche akangoja kama mtoto aliyeleta ripoti ya shule.

"Mwenzake yuko wapi?" mama akauliza.

"Yuko kwenye geti. Kuna maonyesho kesho kutwa, pale stesheni."

"Hawa hawakai mmoja mmoja."

"Najua, mama."

Mama akarudi kwenye mchele wake. Lakini siku ya maonyesho, Mama Cheche akiwa anafunga viatu, mama yake alitoka chumbani amevaa gauni lake la harusi za watu, mkoba kwapani, akauliza kama wanatembea au wanapanda gari.

Ghala lilikuwa limejaa. Kulikuwa na wanafunzi, watu wa suti, na wazazi wa msanii wenyewe. Mnara wa saruji ulifika darini na chupa tupu zilipangwa dirishani. Geti lilikuwa limesimamishwa katikati ya chumba, bila ukuta kulia wala kushoto, limeshikwa na fremu yake tu. Mtu angeweza kulizunguka, lakini watu walikuwa wanasimama mbele yake kana kwamba wamekuta nyumba ya mtu. Pembeni palikuwa na kibao chenye majina mawili, la msanii na chini yake, kwa herufi za ukubwa ule ule, Mama Cheche, fundi. Alilisoma mara tatu akijifanya anatafuta miwani.

Mama yake alisimama mbele ya geti na kulitazama tundu. Hakuharakishwa na mtu. Karibu naye bwana mmoja wa suti, mwenye geti la korongo kwake na anayejua anachokisema, alikuwa anawaeleza wenzake kwamba kazi ni nzuri ila fundi kachemsha, goti la ndege amelikunja kinyume, tofauti na la getini kwake.

Mama akageuka. Alikuwa mfupi kuliko yule bwana kwa kichwa kizima na zaidi.

"Nimekata matete miguuni mwao miaka thelathini," akamwambia. "Hilo ndilo goti la korongo. La kwako nyumbani ndilo la kinyume. Aliyetengeneza hili ni mwanangu, na hajakosea."

Alisema kwa sauti ya kawaida, lakini watu walisikia. Bwana akasema samahani, mama, na akainama kulitazama goti upya. Mama Cheche alikuwa amesimama nyuma yao, ameshika mkoba wa mama yake kwa mikono miwili, hajui auweke wapi. Miaka kumi na tisa alikuwa ameingoja sentensi moja, na hii ilikuwa ndefu kuliko aliyoiomba.

Ila mama hakuwa amemaliza. Alisogea hadi kwenye geti lenyewe, akapeleka mkono katikati, mahali pande mbili zinapokutana, akapapasa juu, akapapasa chini. Mlinzi wa ukumbi akaja mbio kusema hairuhusiwi kugusa, na msanii akamshika mkono akamzuia.

"Komeo liko wapi?" mama akauliza bila kugeuka.

"Sikuliweka, mama," Mama Cheche akasema. "Hili sikuliwekea."

Mama akauacha mkono wake palepale pasipo na chuma. Kisha akalisukuma geti kwa vidole viwili. Bawaba zilikuwa zimetiwa grisi vizuri, likafunguka bila mlio wowote. Akapita katikati, upande wa korongo kulia kwake na upande wa tundu kushoto, akasimama ng'ambo, akamwita mwanawe kwa kichwa.

Mama Cheche akapita nyuma yake. Kwa mazoea mkono ulikwenda kulirudishia geti, akaushusha, akaliacha wazi, na watu wakaanza kupita.